Kura ya hapana ya Mei 1997: shajara ya mradi wetu wa kuhakiki

Jumapili, 12 Januari 2025, Hamburg

Leo tumeanza rasmi. Tuko wanne: mimi hapa Hamburg, kaka mmoja Bremen, dada wa Köln ambaye ni mkalimani, na kijana wa Berlin anayesomea sheria. Kazi yetu ni kusikiliza sauti zinazozunguka kwenye magrupu ya Waswahili wa Ujerumani kuelekea uchaguzi wa tarehe 23 Februari, kuchagua zile zinazosambaa sana, kuzihakiki, kisha kurudisha jibu kwa Kiswahili, kwa sauti vilevile, kwa sababu wengi wetu husikiliza tukiwa kazini wala hatuna muda wa kusoma.

Sauti ya kwanza imenifikia kutoka kwenye magrupu matatu tofauti ndani ya siku mbili. Ni dakika moja na nusu. Mama mmoja mwenye lafudhi ya pwani anaongea kwa uchungu: huyu Friedrich Merz anayetaka kuwa kansela, alipiga kura ya kuruhusu wanaume wabake wake zao, na leo wanawake mnakwenda kumpa nchi. Nimemsikiliza mara tatu. Hana nia mbaya. Ameambiwa jambo limemchoma, naye akalipeleka mbele kama lilivyomchoma.

Ndiyo maana nimetaka tuanze na hili. Jambo lenyewe ni zito, na lingeweza kuwa kweli, uongo, au kweli iliyopindishwa. Na anayelibeba ni mwanamke anayestahili kujibiwa vizuri.

Jumanne, 14 Januari

Tumekaa kwenye simu saa moja usiku mpaka saa tatu. Kaka wa Bremen alitaka tuandike "kweli" tulale, maana habari hii iko kila mahali kwa Kijerumani. Nikakataa. Kila mahali si ushahidi. Tumekubaliana kanuni moja ya mradi mzima: hatumwambii mtu jambo ambalo hatujaliona kwenye kumbukumbu rasmi kwa macho yetu.

Halafu tukaipasua ile sauti vipande. Kulikuwa na kura kweli? Lini? Iliitishwa kuhusu nini, neno kwa neno? Yeye alikuwa mbunge siku hiyo? Majina yaliandikwa? Alisema nini? Na la mwisho, ambalo kijana wa Berlin alilisisitiza mno: hapana yake ilikuwa hapana kwa kitu gani?

Hilo la mbunge tumelimaliza usiku uleule. Merz alikuwa kwenye Bunge la Ulaya kuanzia 1989 hadi 1994, akaingia Bundestag, yaani bunge la taifa la Ujerumani, 1994, akatoka 2009, akarudi 2021. Kwa hiyo mwaka 1997 alikuwamo ukumbini. Nimeiandika miaka hii kwenye karatasi na kuibandika juu ya meza, kwa kuwa nahisi tutaihitaji tena.

Alhamisi, 16 Januari

Nimeipata.

Nilitoka zamu saa nane mchana, nikala ugali wa jana, nikafungua kompyuta. Bunge la Ujerumani limeweka taarifa za vikao vyake vyote mtandaoni, bure, tangu 1949. Unachotakiwa kujua ni muhula na namba ya kikao. Hiki ni kikao cha 175 cha muhula wa 13, Alhamisi tarehe 15 Mei 1997. Bunge wakati huo lilikuwa bado Bonn, na hili nalo limetusaidia, maana kwenye grupu moja kuna picha inayoitwa "ushahidi wa siku ya kura" na nyuma yake linaonekana lile kuba la kioo la Berlin. Bunge lilihamia pale 1999. Picha hiyo tumeitupa.

Nieleze jinsi kura ya majina inavyopigwa, kwa kuwa ndiyo roho ya kazi yetu. Kura nyingi bungeni hupigwa kwa kuinua mikono au kusimama, na hapo hakuna anayeandika nani aliinua. Lakini pakidaiwa kura ya majina, kila mbunge hutumbukiza kadi yake kwenye sanduku. Kadi ina jina lake na kambi yake. Ya buluu ni ndiyo, nyekundu ni hapana, nyeupe ni kukaa kando. Baadaye makatibu huhesabu, na orodha nzima huchapishwa ndani ya taarifa ya kikao: kwanza waliosema ndiyo, kambi kwa kambi, kisha hapana, kisha waliokaa kando.

Sikutumia kitufe cha kutafuta. Nilitaka kuisoma orodha kama inavyosomwa orodha ya waliofaulu mtihani, kwa kidole. Ndiyo zimejaa, safu baada ya safu, majina ya wanawake na wanaume wa vyama vyote. Nikapita. Nikafika kwenye neno Nein, yaani hapana, chini yake CDU/CSU, kambi ya chama cha Merz, na orodha ikaanza tena kutoka A. Nikateremka mpaka M. Friedrich Merz. Jina tupu, bila maelezo, katikati ya majina mengine.

Hapana zilikuwa 138. Waliokaa kando 35. Waliosema ndiyo walizidi mara tatu ya hapana, na muswada ukapita.

Nilikaa kimya kidogo. Si kwa sababu ya yeye peke yake. Ni kuona watu 138, mmoja mmoja, kila mmoja na kadi yake nyekundu, na miaka 28 baadaye mimi niliyezaliwa Tanga naweza kuweka kidole juu ya jina la kila mmoja wao.

Jumamosi, 18 Januari

Leo kijana wa Berlin ametufundisha sheria yenyewe, na naandika kirefu kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa jambo.

Kabla ya 1997, kifungu cha 177 cha sheria ya jinai ya Ujerumani kilisema kwamba anayemlazimisha mwanamke, kwa nguvu au kwa vitisho vya kumhatarishia mwili au uhai, kuingiliwa nje ya ndoa, afungwe si chini ya miaka 2. Maneno ni hayo: nje ya ndoa. Kwa Kijerumani ni neno moja tu, außerehelich. Neno hilo moja ndilo lililokuwa ukuta. Mwanamke aliyeolewa, akilazimishwa na mumewe usiku uleule, kwenye nyumba ileile, kwa nguvu zilezile, mbele ya sheria hakubakwa.

Je, mume aliachwa kabisa? Hapana, na hapa ile sauti ya mama inahitaji kurekebishwa. Mume aliweza kushtakiwa kwa kumshurutisha mtu, au kwa kujeruhi mwili. Lakini hayo ni makosa mepesi kuliko ubakaji, na jina la kosa lina maana yake. Mwanamke aliyefanyiwa hivyo aliambiwa: umeshurutishwa, kama mtu aliyeshurutishwa kusaini karatasi.

Muswada wa 1997 ulilifuta neno lile. Ukafanya na mengine pia: ukaondoa neno "mwanamke" ukaweka "mtu mwingine", ili mwanamume naye alindwe, na ukaongeza hali ya mtu aliyetumiwa vibaya akiwa mahali asipo na msaada wowote. Waliouleta walikuwa wanawake wa vyama mbalimbali waliokubaliana kuvuka mipaka ya kambi zao. Ulla Schmidt wa SPD alikuwa mstari wa mbele. Rita Süssmuth wa CDU, aliyekuwa Spika, alisimama upande huohuo. Wabunge waliachiwa wapige kura kwa dhamiri zao, na ndiyo maana haiwezi kusemwa kwamba CDU yote ilikataa. Wabunge wake si wachache walisema ndiyo. Hapana nyingi zilitoka kambi ya CDU/CSU, hilo ni kweli, lakini kila aliyesema hapana aliisema mwenyewe.

Naliona hili kuwa muhimu mno kwa kuhakiki. Mbunge aliyefungwa na chama anaweza kusema alitumwa. Siku ile hakuna aliyetumwa.

Jumatatu, 20 Januari

Sehemu ngumu. Hapana ilikuwa kwa kitu gani?

Mwaka mmoja kabla, Mei 1996, vyama vya serikali ya Helmut Kohl, yaani CDU/CSU pamoja na FDP, vilipitisha bungeni muswada wao. Huo nao ulifanya ubakaji ndani ya ndoa uwe kosa la ubakaji. Lakini ulikuwa na kifungu cha pingamizi: mke aliyebakwa angeweza kusema hataki kesi iendelee, na kesi ikaisha. Muswada ule ulikwama kwenye baraza la majimbo. Ndipo wanawake wakaja na wa kwao wa 1997, bila kifungu hicho. Na Merz ameieleza hapana yake kwa kifungu hicho kilichokosekana.

Kwa hiyo anayesema "alitaka wanaume waruhusiwe kubaka" hasemi kweli. Anayesema "alikuwa na wasiwasi wa kiufundi tu" naye anaficha kitu. Mwaka 1997 mezani hapakuwa na karatasi mbili. Palikuwa na moja. Kama hapana zingeshinda siku ile, neno "nje ya ndoa" lingebaki pale lilipo.

Tulibishana kuhusu kifungu chenyewe. Kaka wa Bremen akasema mbona kinasikika kama cha huruma. Mke apewe nafasi ya kuamua. Labda wamepatana, labda kuna watoto, kwa nini serikali iendelee kumburuta mumewe mahakamani? Nikaona uso wa dada wa Köln kwenye skrini umebadilika.

Dada huyu hukalimani kwenye nyumba wanakokimbilia wanawake waliopigwa. Alitueleza bila kutaja mtu wala mahali. Amekaa na mwanamke mezani, katikati yao kuna simu imewekwa kifudifudi. Simu inatetemeka. Inanyamaza. Inatetemeka tena. Ni mume. Kisha ni mama mkwe kutoka nyumbani. Kisha kaka wa mume. Kisha mama yake mwenyewe mzazi, akilia, mwanangu futa hiyo kesi, utawalisha nini watoto, watu watasemaje. Mwanamke hajagusa simu, lakini kila inapotetemeka bega lake la kushoto linaruka. "Sasa niambie kaka," alisema, "sheria ikimpa huyu ufunguo wa kuifuta kesi, ufunguo ule ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Kaka wa Bremen alisema tu, nimekuelewa dada.

Hiyo ndiyo hoja waliyokuwa nayo waliokipinga kifungu 1996 na 1997: mume aliyeweza kumlazimisha kitandani ataweza kumlazimisha kusaini pingamizi. Waliokitetea walizungumzia usiri wa ndoa, hofu ya wake kusingizia waume wakati wa talaka, na hofu kwamba mke angedai kubakwa ili apate njia ya kutoa mimba. Tumezichukua hoja za pande zote mbili tukaziweka kwenye jibu letu. Msikilizaji ana haki ya kuzisikia zote. Mimi nina upande wangu, na sioni sababu ya kuuficha humu shajarani: baada ya ile simu iliyowekwa kifudifudi sina swali tena kuhusu kifungu kile.

Ijumaa, 24 Januari

Siku tatu nzima tumehangaika na lugha. Hatukutarajia.

Tunamrekodia nani? Tunamrekodia mama wa miaka 60 aliyekuja Ujerumani kuwalea wajukuu, na kijana wa maghala ya mizigo, na shangazi wa kanisani. Ukisema "ubakaji ndani ya ndoa" baadhi yao watazima hapohapo. Si kwa ubaya. Kwa masikio yao ni kama umesema "mtu kaiba mali yake". Tumekua tukisikia unyumba ni haki, kumnyima mume unyumba ni kosa la mke, na mambo ya chumbani hayatoki chumbani. Mimi mwenyewe nilipokuwa bi harusi nilikaa na somo wangu siku saba, akanifundisha mengi mazuri ya kutunza nyumba na mwili, na katika siku zote hizo sikufundishwa neno la kusemea "leo sitaki".

Kijana wa Berlin alipendekeza tuseme "kumwingilia mke kwa nguvu". Dada wa Köln akakataa. Akasema tukilainisha neno tunalirudisha lile neno la Kijerumani lililofutwa 1997, tunalirudisha kwa Kiswahili. Mwisho tumekubaliana tuyatumie yote mawili kwa mpangilio: kwanza tueleze tendo, kwamba mke amesema hapana, mume ametumia nguvu au kisu au kitisho. Kisha tuseme: sheria ya hapa tangu 1997 inaliita tendo hili ubakaji, sawa na lingefanywa na mtu baki. Tendo kwanza, jina baadaye. Tulipojaribu kwa mama mkwe wa kaka wa Bremen, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hilo la kisu hata sisi tulilijua ni ukatili, ila hatukuwa na pa kulipeleka."

Kitenzi kilichotusumbua cha pili ni "aliruhusu". Tumeamua jibu letu litasema hivi: Friedrich Merz, tarehe 15 Mei 1997, alipiga kura ya kuupinga muswada uliofanya ubakaji ndani ya ndoa uwe kosa la ubakaji. Kikomo. Halafu maelezo ya 1996. Neno kuruhusu halimo.

Alhamisi, 30 Januari

Jibu limetoka: dakika tatu na sekunde arobaini, sauti ya dada wa Köln. Tumelipeleka kwenye magrupu yote yaliyotuletea ile ya mwanzo, na kwa yule mama wa lafudhi ya pwani moja kwa moja, kwa adabu, tukianza na shikamoo na kumshukuru kwa kulileta jambo hili mezani. Alijibu asubuhi: "Marahaba wanangu. Kwa hiyo sikukosea sana, nilikosea neno." Kisha akairekodi upya ya kwake na kufuta ya zamani. Sikutegemea.

Jana bungeni Berlin kulikuwa na ile kura ya uhamiaji iliyopita kwa msaada wa AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, kwa hiyo tangu usiku sauti zimefurika, za hasira na za hofu. Katikati yake kuna moja inasema Merz alipinga pia sheria ya 2016, ile iliyofanya "hapana" ya mwathirika itoshe hata kama hakupigana. Nimetazama karatasi iliyo juu ya meza yangu. Alitoka 2009, akarudi 2021. Mwaka 2016 hakuwa mbunge. Si kweli. Tumejibu ndani ya nusu saa, na kijana mmoja kwenye grupu la Stuttgart akatuuliza kama tumeanza kumtetea. Nimemjibu kwamba kilekile kidole kilichomkuta kwenye orodha ya 1997 ndicho kinachomkosa kwenye ya 2016.

Jumapili, 2 Februari

Swali limekuja kutoka kwa mama wa pwani, na limegeuza mradi. Nalinakili kama alivyolisema: "Sasa wanangu, mmenionyesha Mjerumani kwa jina. Na wetu je? Wa kwetu walipiga kura gani?"

Nimeshinda nalo siku nzima.

Tanzania Bara, ubakaji umeelezwa kwenye kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa upya na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, iliyopiganiwa sana na wanawake, TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, wakiwa miongoni mwao. Ni sheria iliyoleta mengi. Adhabu ya ubakaji ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote si chini ya miaka 30. Lakini soma maelezo yenyewe ya kosa: mwanamume anabaka akimwingilia mwanamke ambaye si mke wake, au ambaye ni mke wake waliyetengana, bila ridhaa yake. Si mke wake. Ni ukuta uleule, umejengwa kwa maneno mengine. Mke anayeishi na mumewe yuko nje ya kifungu.

Na nani aliuacha ukuta huo pale? Hapa ndipo mikono yangu imebaki mitupu. Aliyewahi kusoma Taarifa Rasmi za Bunge letu anayajua maneno ya mwisho wa kila mjadala, yako kwenye mabano: Hoja ilitolewa iamuliwe. Hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Basi. Anayekalia kiti anauliza, wanaoafiki wanasema ndiyo, wasioafiki wanasema siyo, na anayekalia kiti anasikiliza upande gani una sauti kubwa. Sauti haziandikwi majina. Hotuba zimo, kila aliyesimama na kusema yumo kwa jina lake, mpaka makofi na vicheko vimeandikwa. Kura haimo.

Na si kwamba hatujui kuita majina. Bajeti ya serikali hupitishwa kwa kuita mbunge mmoja mmoja, naye anasimama na kusema ndiyo au hapana, na inaandikwa. Kwa fedha tunataka kujua nani alisema nini. Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeiandika tena, kwa sababu ni kweli na inaniuma.

Nimemjibu mama: wa kwetu tunaweza kukuonyesha walichosema. Walichopiga kura hatuwezi, hakikuandikwa. Akauliza, "Hakikuandikwa, au kimefichwa?" Nikasema hakikuandikwa, mama.

Jumamosi, 8 Februari

Kenya, kwa ombi la kaka wa Bremen ambaye ni mtu wa Kisumu.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 ilipelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, leo jaji wa Mahakama ya Juu. Muswada wake wa awali ulitaka ubakaji ndani ya ndoa uwe kosa. Wabunge wanaume walikuwa wengi kupita kiasi, na ili muswada usife wote, sehemu hiyo ikatolewa. Sheria iliyotoka ina kifungu cha 43, na kifungu chake kidogo cha 5 kinasema kifungu hicho hakiwahusu watu waliooana kisheria. Mstari mmoja mfupi mwishoni.

Kura ilikuwa ya sauti, kwa hiyo majina hakuna. Lakini mjadala! Tumeanza kuusoma na kaka, yeye akisoma Kiingereza kwa sauti nami nikiandika kwa Kiswahili. Mbunge mmoja alisema ukumbini kwamba mwanamke wa Kiafrika akisema hapana huwa anamaanisha ndiyo, na wabunge wanawake wakainuka wakatoka nje. Kaka aliponyamaza baada ya kuisoma sehemu hiyo, alisema alikuwa kidato cha pili mwaka ule na anakumbuka walimu wao wakicheka juu ya maneno hayo chumba cha walimu, na wavulana wakayabeba mwaka mzima kama utani kwa wasichana. Akaomba tupumzike dakika kumi.

Kwa haki ya sheria za Kenya nimeongeza hili: sheria ya 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja ukatili wa kingono ndani ya ndoa kuwa miongoni mwa aina za ukatili. Kwa hiyo mke anaweza kuomba amri ya mahakama ya kumlinda. Lakini kumshtaki mumewe kwa ubakaji, kile kifungu cha 43 bado kimesimama mlangoni. Rwanda walilitaja kosa hili waziwazi kwenye sheria yao ya 2008. Burundi nao waliliweka kwenye kanuni ya adhabu ya 2009, kwa kifungo cha siku nane na faini. Siku nane. Dada wa Köln aliniuliza kama nimesahau sifuri. Sikusahau.

Tumekubaliana muundo mpya wa kumbukumbu zetu. Kwa kila mwanasiasa safu tatu: alichosema, alichopigia kura, na kama kura hiyo iliandikwa au haikuandikwa. Safu ya tatu tumeichora kwa rangi nyekundu. Mahali pasipo na jina hatutajaza kwa kukisia, hata kama hotuba yake inatupa picha. Aliyesema maneno mabaya anaweza kuwa alinyamaza wakati wa kura, na aliyehutubia vizuri anaweza kuwa alitoka kwenda kunywa chai.

Jumapili, 23 Februari

Nimepiga kura yangu ya kwanza hapa. Ili niweze kuipiga ilinibidi niurudishe uraia wa Tanzania, kwa kuwa Ujerumani tangu Juni mwaka jana inakubali uraia wa nchi mbili lakini kwetu bado. Ni shule ya msingi mtaani kwetu, foleni fupi, kisanduku cha kadibodi kimesimamishwa kama pazia kwenye dawati la mtoto. Kura yangu ni ya siri na inapasa iwe ya siri. Ya mbunge ninayemtuma siyo.

Sikuwaambia wenzangu nimempa nani, wala hawakuniuliza. Jioni makadirio yalipotoka CDU ikiwa mbele, mama wa pwani alituma sauti fupi: "Haya, ameshinda. Lakini tumeshajua."

Kazi ya wiki hii: kaka wa Bremen anaendelea na mjadala wa Nairobi wa 2006. Kijana wa Berlin anatafsiri hotuba za Bonn za Mei 1997, za pande zote mbili. Mimi nimechukua Dodoma. Naanza na vikao vya 1998, ukurasa kwa ukurasa, kuandika kila jina la aliyesimama kusema neno juu ya kifungu cha 130 na neno alilolisema. Jumatano usiku naye dada wa Köln atarekodi sehemu ya kwanza.